Vidole Viwili Chini ya Shingo

Jumatatu, 4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na Malkia wetu hamjambo. Sisi huku wazima, ukiacha mgongo wangu, ambao nimeusahau kwenye meza ya pasi, na mkono wa Kasuku, ambao nitakueleza.

Kwanza nitii sheria ya kaka. Tangu mimi na wewe tulipokatiana simu siku ile, amesema hatabeba tena maneno yetu kwa mdomo, yanamuunguza ulimi. Atabeba mkate na barua, maana njia yake ya kusambaza mkate inapita kwangu na kwako kila asubuhi. "Anayeandika husoma kabla ya kutuma," ndivyo alivyoniambia, amesimama mlangoni na kreti begani, mzito kama profesa. Haya, naandika. Mpaka hapa nimesoma na sijaona ubaya.

Sasa nikuulize. Ni kweli gari la shule linakuja mpaka mlangoni kwako? Kaka anasema ameliona kwa macho yake, lina mikanda ya kumfunga mtoto, na kuna mama anayeshuka kumpokea Malkia kwa jina. Kwa jina! Mimi miaka yote hii kwenye dobi ya mashuka ya hoteli, meneja bado ananiita "wewe wa pasi ya tatu."

Nilikwenda kumwandikisha Kasuku darasa la awali. Nilifika kabla ya mlinzi. Waliokuja walikuwa wengi kuliko viti, basi ikafanywa bahati nasibu: vikaratasi kwenye ndoo ya plastiki, mwalimu mkuu anachota huku anaangalia dari asije akasemwa. Aliita majina mpaka sauti ikamkauka. La Kasuku halimo. Nikamwambia karani, "Mbona viti vitupu naviona vile pale?" Akasema vile ni vya watoto wa elimu maalumu. Nikamjibu kwamba mwanangu naye ana mahitaji maalumu, anahitaji shule. Hakucheka.

Unajua Kasuku anashinda wapi? Chini ya meza yangu ya pasi. Baba yake yuko kwenye ujenzi mpaka mwisho wa mwezi, na jirani amechoka naye. Anaongea kutwa. Anaongea na mashuka, anaongea na mvuke, anamuuliza meneja kwa nini kichwa chake kinang'aa. Juzi alinyanyua mkono wakati nashusha pasi. Si kidonda kikubwa, kama kifungo cha shati, lakini meneja amekiona. Amenipa mpaka mwisho wa Machi. Baada ya hapo mtoto asionekane dobi, au mimi nisionekane.

Basi nisikufiche, wewe ni tumbo moja nami. Nina wivu. Nina wivu wa kiti, wa mkanda, wa yule mama anayejua jina, na wa wewe uliyerudi saluni kusuka watu huku mikono imetulia. Nikifikiria lile gari, pasi inaongezeka uzito. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, mdogo wangu. Niambie, uliwaambia nini hata wakampa? Walimpima vipi? Nieleze yote, usiruke kitu.

Dada yako

*

Alhamisi, 7 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na pole sana kwa mkono wa Kasuku. Tafadhali usimpake dawa ya meno, nakujua.

Unauliza niliwaambia nini. Hakuna. Waliniuliza, nikalia, basi. Kabla ya hapo nilizunguka muda mrefu nikiambiwa atasema tu akiwa tayari, watoto hawalingani, mwache. Mpaka muuguzi mmoja wa kliniki akanipeleka kwa mpimaji.

Ni mama mfupi mwenye soksi nene. Alivua viatu akakaa sakafuni. Akatoa vibao vya kupanga, akatoa picha za wanyama, akapiga kengele nyuma ya kichwa cha Malkia. Malkia hakugeuka. Hakugusa kibao hata kimoja. Alilaza sikio mezani akavuma kama friji. Mpimaji akaniambia, "Hebu mwite." Nikamwita. Unajua anavyoitika. Kaka hakumpa jina la Malkia kwa sababu nyingine, ni kwamba haitiki ovyo kwa raia. Mwishowe yule mama akaanza kurudisha vibao sandukuni, naye Malkia akagonga vidole viwili chini ya shingo, vile anavyogonga akichoka, tukafunga kazi.

Mimi nilikuwa kwenye kile kiti cha watoto, magoti yamenifika kidevuni. Moyoni naomba ashindwe ili apate nafasi. Papo hapo naomba anyanyue kibao kimoja tu, aniumbue. Sijui Mungu alisikia lipi. Alishindwa vizuri sana, dada. Wakanipa kiti, gari, mtaalamu wa matamshi mara mbili kwa wiki, na faili lenye jina lake. Siku hiyo nilipika nikasahau kula.

Na hilo gari unalolionea wivu, majirani hulichungulia kupitia pazia. Aisifuye mvua imemnyea, lakini wewe unaisifu ukiwa dirishani. Kasuku anakuita mama kila unapogeuka, nawe unamwambia "hebu nyamaza kidogo." Nilikusikia Jumamosi. Nami nina wivu, usidhani ni wako peke yako. Ila wangu hauna ofisi ya kuupeleka.

Siku za kazi siwezi kumchukua Kasuku, saluni yetu nayo haitaki mtoto. Jumamosi mlete kama kawaida. Wanakaa chini ya kitanda, yeye anaongea kwa niaba ya wote wawili.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 18 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini mko salama. Sisi wazima wa afya, leo hata mgongo umetulia.

Asante kwa maelezo yako, yalikuwa kamili kabisa. Kaa chini kama umesimama. Nimemwombea Kasuku apimwe. Ni Alhamisi hii. Nilimwambia karani mwingine, si yule asiyecheka, kwamba mwanangu haongei. Wakati huo Kasuku alikuwa nje kwenye gari la mkate na kaka, anaimba.

Najua umeshakunja uso. Lakini sikiliza, simwibii mtu. Viti vipo, vinapigwa vumbi, na mwanangu anaungua chini ya meza. Ni asubuhi moja tu ya kunyamaza. Nimemfundisha wiki nzima: usiseme, usiguse kibao, kengele ikilia usigeuke. Nimemuahidi baiskeli. Jana tulifanya majaribio, nikakaa sakafuni kama mpimaji wako, nikavua na viatu. Alivumilia mpaka maji ya chai yakachemka. Kisha akaniuliza, "Mama, nimenyamaza vizuri?"

Kusema kweli nilikata tamaa. Lakini akaniambia nisihofu, tangu alipotoka kwako Jumamosi ameshajua atakavyofanya. Sijui amejua nini, na sikumuuliza, nisije nikamharibia.

Akishaingia ataanza "kusema" kidogo kidogo, na wao watafurahi kuona kazi yao imezaa matunda. Nani atakuwa ameumia? Wewe una gari zima. Niache nami nipate japo honi.

Dada yako

*

Jumanne, 19 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Salamu zimeishia hapo.

Usifanye. Nakuomba kama nilivyokuwa nikikuomba tukiwa wadogo, ukiwa umenikalia mgongoni. Usifanye. Unataka kuvaa kiatu changu asubuhi na kukivua mchana. Mimi nalala nacho.

Nilikueleza mambo ya ndani ya kile chumba kwa sababu uliniuliza, na kwa sababu sina mwingine wa kumweleza. Nawe umeyageuza somo. Siku nitakayomsikia Malkia akiniita, hata kwa tusi, nitazunguka mtaa mzima nikipiga vigelegele. Wewe una sauti hiyo bure, na unamuahidi baiskeli aizime.

Na yule mama si mjinga. Soksi zake tu ndizo za kijinga.

Nampa kaka sasa hivi, injini inaunguruma. Baiskeli nitamnunulia mimi. Geuza njia.

Mdogo wako

*

Jumanne, 5 Machi

Sikusalimii.

Kaka ameapa kwamba barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaitia kwenye mfuko wa aproni. Kwa hiyo ulijua, na ukaenda.

Jana gari halikuja. Malkia alisimama mlangoni na begi lake mgongoni. Siku zote husimama hapo mpaka alione, kisha hurukaruka. Jua likafika kwenye kizingiti, hakuna gari. Akaanza kugonga vidole vyake chini ya shingo, nikajua amechoka kusubiri, nikamvua begi. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Alilala sakafuni akapiga kisogo, na mimi nikaweka kiganja changu kati ya kichwa na sakafu mpaka akaishiwa nguvu.

Mchana karani wa ofisi ya elimu akanipigia simu. Huduma za Malkia zimesimamishwa mpaka apimwe upya, kwa sababu "kuna shaka kwamba watoto wa familia hiyo hufundishwa kujifanya." Nikamwomba arudie. Akarudia kwa sauti ile ile.

Nimeomba ruhusa saluni. Wamenipa, na kiti changu wamempa mwingine.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilifikiri ni usemi wa watu wengine, wenye ndugu wabaya. Nataka jambo moja. Nenda ukawaambie ulichofanya, kwa mdomo ule ule uliodanganya nao. Usiniandikie kabla hujaenda.

Mama wa Malkia

*

Ijumaa, 8 Machi

Mdogo wangu,

Sijui kama bado nina ruhusa ya kukusalimia, kwa hiyo namsalimia Malkia. Mwambie mama mkubwa anamwomba radhi.

Nimekwenda. Kama ningekuwa bado sijaenda nisingeandika. Nitakueleza tangu siku ile ya kupimwa, maana hujui kilichotokea.

Tuliingia. Mpimaji akavua viatu, akamsalimia Kasuku. Kasuku akanitazama mara moja tu. Mdogo wangu, mwanangu hajui kunyamaza. Hajawahi kukutana na kitu hicho. Kwa hiyo alifanya alichoweza, akatafuta kichwani mwake nani anajua kunyamaza, akampata Malkia, akawa Malkia. Sisemi alimwiga kwa mzaha kama watoto wanavyoigana. Alikuwa yeye. Shingo ilikaa vile anavyoiweka. Alilaza sikio mezani akavuma, ule mvumo wenyewe, unaopanda kidogo mwishoni. Kengele ilipolia alifumba jicho moja tu, la kushoto. Vibao vilipoanza kurudishwa sandukuni akagonga vidole viwili chini ya shingo.

Yule mama akaweka kalamu chini. Akasema, "Mtoto huyu nimeshamwona. Ila alikuwa msichana." Akaniuliza kama tuna undugu na familia yako. Nikasema hatuna. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye pua, maana pua hii ni moja, ya kwangu na ya kwako. Alinitazama usoni muda mrefu akasema asante, tutawasiliana. Nilitoka nikijua nimeharibu, ila nilidhani nimejiharibia mimi tu. Nilikaa kimya siku zote hizo kwa sababu hiyo.

Jana nilimwacha Kasuku nje ya mlango wa ofisi nikaingia. Nilisema yote. Niliwaambia Malkia hajafundishwa na mtu, ni mimi nililiona gari lake nikashindwa kulala, na mama yake mwema alinikataza kwa maandishi. Nikaitoa barua yako kwenye mfuko wa aproni nikaiweka mezani. Mpimaji alikuwepo. Aliisoma, mpaka pale ulipozitaja soksi zake. Alizitazama soksi. Nisamehe na hilo pia.

Kisha akatoka nje, akachuchumaa mbele ya Kasuku. "Ulipogonga hapa," akamuuliza, "ulikuwa unafanya nini?" Kasuku akaniangalia. Nikamwambia, "Sema, baba, baiskeli haipo tena." Basi ni kama bomba limepasuka. Akasema, "Hapo ni bado. Malkia akigonga hapo ni bado, hajamaliza, msiondoe. Mimi nilikuwa sijamaliza vibao." Akaulizwa kuvuma je? "Anataka na wewe uvume. Ukivuma naye anakupa nafasi chini ya kitanda." Mama yule alikuwa anaandika kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa na mvua.

Gari la Malkia litarudi Jumatatu. Ameniahidi mwenyewe, na ile shaka imefutwa kwenye faili lake.

Kuna jambo jingine, na sikulitafuta, naapa. Darasa la Malkia lina viti viwili vya watoto wanaoongea, wakae na wenzao, wacheze nao, waigane. Wanawaita watoto wenzi. Kimoja kiko wazi. Mpimaji anamtaka Kasuku. Lakini kwa kuwa atawekwa pale kwa ajili ya Malkia, lazima mzazi wa Malkia aridhie na kusaini. Karatasi iko kwa mwalimu wake.

Sina uso wa kukuomba. Nimekuambia tu ilivyo.

Dada yako, kama bado

*

Jumatatu, 11 Machi

Dada,

Gari limekuja. Asante kwa kwenda. Hilo nalisema kwanza, kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Siwezi kusaini.

Nilisoma barua yako jikoni, nikafika pale pa "bado," nikakaa chini. Unajua nimeondoa sahani ngapi? Tangu alipoanza kukaa mwenyewe mezani, akigonga vidole vyake mimi naondoa sahani. Nikifikiri ananiambia ameshiba. Hata nilijivunia, nikamwambia baba yake, unaona, ana ishara yake moja, na mimi naijua. Akilia baada ya hapo nasema ana hasira za bure. Nikimtoa majini akigonga, namfunika taulo. Nikimsuka akigonga, naacha, kumbe ananiambia endelea. Jumatatu ile mlangoni alikuwa ananiambia gari bado, mama, tusubiri. Mimi nikamvua begi.

Na siku ya kupimwa, dada. Vibao vilikuwa vinarudishwa, naye akagonga. Mimi nilikuwa pale pale kwenye kile kiti nikiomba anyanyue kimoja tu. Yeye akasema bado. Na mtu pekee ambaye angeweza kumtafsiria alikuwa mimi, nikasema, "Amechoka."

Kasuku hakufundishwa na mtu. Hajafika hata miaka mitano. Anakuja Jumamosi, anakula biskuti zangu, analala chini ya kitanda changu, na anajua. Nilikuambia wivu wangu hauna ofisi. Sasa umepata mahali, umemkalia mtoto wako. Naona aibu kuandika hivi juu ya mtoto niliyembeba mgongoni, lakini ndivyo ilivyo. Ana maneno yake yote, na sasa ana ya mwanangu pia. Unataka nisaini ili kila asubuhi wapande gari wote wawili, wakae huko wakiongea, na jioni mimi nimpokee mlangoni kama jirani?

Mpimaji alinipigia. Alizungumza vizuri. Nikamwambia nitafikiri. Sijafikiri.

Jumamosi msimlete.

Mama wa Malkia

*

Jumatano, 20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu, kwako na kwa shemeji, na busu kwa Malkia akikubali. Sisi tupo.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Sijibu lolote kuhusu karatasi. Usisaini kwa kunihurumia, na usikatae kwa kunikomoa, ndiyo ombi langu pekee. Meneja amenikumbusha kwamba mwezi unaisha. Nimempata bibi mmoja nyuma ya dobi anayelea watoto kwenye chumba kisicho na dirisha. Tutaona.

Kuna kitu nilitaka kukufanyia. Nikasema, mdogo wangu anaumia kwa kuwa hajui ishara za mwanawe, na huyu wangu anazijua. Basi nitamhoji niziandike, nikutumie kwa kaka pamoja na mkate, uwe nazo wewe, wala hutamhitaji mtu. Nikamkalisha Kasuku kitandani, kalamu mkononi. Nikamwambia, haya, tuanze. Malkia akishika sikio ni nini?

Amekataa. Kasuku! Mtoto anayemsimulia mwenye duka rangi ya chupi yangu. Amefunga mdomo kama mlango wa benki. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ni zetu." Nikamuahidi baiskeli tena. Akasema hataki. Nikamwambia mama mdogo naye anataka kujua, ni mama yake Malkia. Akafikiri sana, kisha akasema, "Basi aje chini ya kitanda."

Kumbe naye ana wivu wake, huyu. Sijui amerithi kwa nani, tukubaliane ni kwa upande wa baba yake.

Nilitaka kumchapa, nikacheka, halafu nikalia kidogo. Maana nilipokuwa nikimfundisha kunyamaza ilinichukua wiki na nikashindwa. Kwa ajili ya Malkia ananyamaza bila kufundishwa. Na mimi, mdogo wangu, nikaona wivu tena. Sina mtu wa kuninyamazia namna hiyo. Zamani nilikuwa nawe. Ulisingiziwa kuvunja sahani ya mama nikiwa nimeivunja mimi, na hukusema.

Mama mkubwa wa Malkia

*

Jumapili, 24 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umepona na Kasuku anaongea. Sisi wazima.

Sahani ya mama sikunyamaza kwa wema. Ulinihonga peremende. Umesahau sehemu hiyo.

Wiki hii nimekuwa nikisubiri. Ndilo jambo pekee ninalojua kwa sasa. Akigonga, naacha sahani ilipo. Chai inapoa, chakula kinapoa, shemeji yako ananitazama kama niliyepagawa. Siku ya kwanza aliigusa sahani mara nyingi kuhakikisha ipo. Siku ya pili alikula mpaka akamaliza, akaisukuma mwenyewe. Kumbe kumaliza nako ana ishara yake, ni kusukuma. Wala si vigumu. Niliona haya nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jana mchana nilichukua viberiti vitupu nikaviweka sakafuni mbele yake, nikavua viatu. Hakuvigusa. Akaanza kuvuma, nikakumbuka, nikavuma naye. Nilijisikia mjinga, nikashukuru pazia limefungwa. Nilipotaka kuvikusanya akagonga. Nikavirudisha. Nikakaa. Mguu ulikufa ganzi, nikahesabu vigae vya ukuta, nikasinzia nimeegemea kitanda. Nilipofumbua macho, kiberiti kimoja kilikuwa juu ya kingine. Cha tatu alikuwa nacho mkononi, na alikuwa ananitazama mimi, si kiberiti. Kisha akaingia chini ya kitanda, akabaki upande mmoja, upande wa ukuta. Ule mwingine ameuacha wazi.

Niliingia. Kitanda chetu ni cha chini sana, dada, nimekwangua bega. Nililala pale kwenye vumbi na soksi moja ya shemeji yako iliyopotea tangu mwaka jana. Hatukufanya kitu. Lakini akawa anatazama mlangoni, anagonga. Anatazama mlangoni, anagonga. Nikajua nimelala mahali pa mtu.

Iliniuma. Sitakudanganya, inaniuma hata sasa nikiandika. Nilitaka niwe mimi ninayemtosha.

Nimesaini Ijumaa, kabla ya hayo ya kitandani, kwa hiyo usidhani ni Malkia aliyeniamulia. Nilisaini kwa kalamu ya mpimaji mwenyewe. Alikuwa amevaa soksi mpya. Gari litaanza kupita kwako Jumatatu ya tarehe mosi Aprili, kabla ya kuja kwangu. Mwambie Kasuku asikae dirishani, dirishani ni kwa Malkia. Akae kando yake. Yule mama wa gari nimeshampa jina la Kasuku, jina lake kamili, atamwita nalo, na wewe usimame mlangoni usikie. Jumamosi kaka amlete huku kama zamani. Mwambie mama mdogo ameomba nafasi chini ya kitanda, hata ya miguuni.

Ama mimi na wewe. Sijakusamehe. Kila nikiona begi la Malkia nakukumbuka vibaya. Umeniuliza kwenye ile barua kama wewe bado ni dada yangu, na mpaka leo sijakujibu. Basi nakujibu sasa: hapa nilipoketi, kalamu iko mkono wa kulia, na wa kushoto ninagonga vidole viwili chini ya shingo. Usiondoe sahani.

Mdogo wako,
mama mdogo wa Kasuku